Impreza ya Mutuini: fowili iliyogoma kukata kona

Wenye gari hili wanaishi Mutuini, Dagoretti, jijini Nairobi, sehemu ambayo lami inapita juu kwenye mgongo wa kilima na nyumba nyingi ziko chini bondeni. Mama ni nesi, anafanya zamu za usiku hospitalini upande wa Upper Hill. Mumewe anauza vifaa vya ujenzi Kawangware. Kwa miaka kadhaa walikuwa na Toyota Fielder ya 2008, injini ya lita 1.5, inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Masika yakianza, Fielder ililala juu kwa jirani, na mama akitoka zamu alishuka bondeni kwa miguu na gambuti zake. Walichoka. Waliiuza wakanunua Subaru Impreza ya mkononi, ya 2006, lita 1.5 pia, giaboksi ya otomatiki ya gia nne, inayovuta kwa magurudumu yote manne, yaani fowili. Mvua iliyofuata Impreza ilipanda mlima bila shida. Miezi michache baadaye ililetwa gerejini kwetu, Dagoretti Corner.

Malalamiko ya mama yalikuwa mafupi. "Fundi, nikiingia parking ya hospitali nikikata kona yote, gari linajikaza. Ni kama kuna mtu amevuta handibreki." Nyumbani halifanyi hivyo. Barabarani likikimbia halifanyi hivyo. Ni pale kwenye kabro (matofali ya kusakafia) za hospitali tu, na zaidi likishapata moto. Gereji moja ilikuwa imewaambia giaboksi imekufa, itafutwe nyingine ya mtumba. Bei waliyopewa, pamoja na kazi, ilikuwa imekaribia robo ya pesa waliyonunulia gari zima.

Nimekiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kina maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, familia hii ilihitaji kweli fowili? La pili, mbona imeanza kusumbua mapema hivi? Jibu linalotolewa haraka mtaani ni kwamba Subaru ni gari la gharama, mngebaki na Toyota yenu. Silikubali jibu hilo, na nitaeleza kwa nini.

Mlima wenyewe

Nilikwenda kuuona mlima, kwa sababu gari huchaguliwa kwa kuangalia mahali linapokwama. Ni kipande kifupi cha udongo mwekundu, kuanzia langoni hadi kwenye lami. Kiangazi ni kigumu kama tofali. Mvua ikinyesha, sehemu ya juu tu ndiyo inayogeuka utelezi, na chini yake kuna udongo bado umeshikana. Hilo ni jambo kubwa. Udongo mweusi wa Ruai, Utawala na Kitengela hulowa hadi chini, ukazama nao. Mutuini huzami, unateleza.

Nilipima mwinuko kwa programu ya simu ukatoka karibu asilimia 15, maana yake kila mita 100 za kwenda mbele unapanda mita 15. Sasa tupige hesabu ya makadirio. Fielder ikiwa na mama, baba, watoto watatu nyuma na majerikeni ya maji kwenye buti (maji ya mfereji huku huja kwa zamu, kila anayeishi Nairobi anajua), uzito wote ni kama kilo 1,500. Mwinuko ule unalivuta gari nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 220. Ongeza tope linaloshika magurudumu, tuseme kilo 75. Ili gari lipande, magurudumu yanayovuta lazima yapate kama kilo 300 za mshiko kutoka ardhini.

Magurudumu ya mbele yanabeba uzito kiasi gani? Gari tupu la aina hii likiwa tambarare hubeba takriban asilimia 60 ya uzito mbele, kwa kuwa injini na giaboksi viko huko. Ndiyo maana magari ya kuvuta mbele hayakwami ovyo kwenye barabara ya kawaida. Lakini ukiweka watoto na maji nyuma, kisha ukaliinua pua kwenye mlima, mbele hubaki kama kilo 720. Kilo 300 katika 720 ni karibu asilimia 42. Udongo mwekundu uliolowa, chini ya tairi iliyoanza kuisha meno, unaweza kutoa chini ya asilimia 30. Gari halipandi. Linazungusha gurudumu moja, lile lenye mzigo mdogo zaidi, kwa sababu difu ya kawaida, zile gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, huliacha lenye mshiko mdogo lizunguke bure.

Magurudumu yote manne yakivuta, kilo 300 zilezile zinagawanywa kwa uzito wote wa gari. Hapo unahitaji asilimia 20 tu. Gari linapanda.

Mama akiwa peke yake, buti tupu, hesabu ya Fielder inashuka hadi asilimia 36. Akigeuza gari apande kwa rivasi, magurudumu ya mbele yanakuwa upande wa chini wa mlima, uzito unayalalia, na hitaji linashuka hadi kama asilimia 32. Hii rivasi inafanya kazi kweli, na nimeona magari mengi yakiokolewa nayo. Tairi mpya za mbele zenye meno marefu zingekata ule utelezi wa juu na kufikia udongo mgumu wa chini, na asubuhi nyingi zingetosha. Lakini kumwambia mtu anayekwenda zamu ya usiku apande kinyumenyume, gizani, ukingo wa shamba ukiwa mita moja kutoka kioo cha pembeni, siyo ushauri ninaoweza kuutoa kwa moyo mweupe. Na familia haiwezi kuacha watoto juu kwa jirani kila mvua.

Kwa hiyo swali la kwanza nalijibu bila kusita. Walihitaji fowili. Mlima ule, mzigo ule, udongo ule. Wangekuwa wanaishi Donholm au South B, au hata Waithaka kando ya lami, ningewaambia wabaki na Fielder na pesa iliyobaki wanunue tairi nzuri.

Kilichokuwa chini ya gari

Sasa gerejini. Kabla ya kugusa giaboksi nilizunguka gari nikitazama tairi. Mbele kulikuwa na mbili mpya, saizi 195/60 R15. Nyuma kulikuwa na mbili za saizi hiyohiyo, kampuni nyingine, meno yameisha hadi karibu na alama ya mwisho. Nikauliza. Baba akaeleza kama mtu anayejua anachokisema: tairi za mbele ndizo zinazoisha haraka, kwa hiyo kila mara hununua mbili, anaziweka mbele. Ndivyo alivyofanya na Fielder miaka yote.

Na kwa Fielder hakuharibu kitu chochote kwenye giaboksi. Gari la kuvuta mbele halina kinachounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yanafuata tu. Yakiwa madogo kidogo yatazunguka haraka kidogo, hakuna anayejali.

Tukaliinua kwa jeki, tukazungushia kila tairi utepe wa kupimia katikati ya meno. Mbele: milimita 1,928. Nyuma: milimita 1,901. Tofauti ni milimita 27. Subaru wenyewe huelekeza kwamba mzunguko wa tairi zote nne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6.

Milimita 27 kwa jicho hazionekani. Hesabu yake ndiyo inayotisha. Katika kila kilomita moja, tairi ya mbele inazunguka karibu mara 519 na ya nyuma karibu mara 526. Ni tofauti ya mizunguko 7. Mama akienda kazini na kurudi, tuseme kilomita 30, ni zaidi ya mizunguko 200 ambayo ekseli ya nyuma inaizidi ya mbele, kwenye lami iliyonyooka, bila kona hata moja. Mizunguko hiyo lazima iliwe mahali fulani.

Kwenye Impreza hii ya otomatiki inaliwa na pakiti ya sahani za klachi iliyo mkiani mwa giaboksi. Nguvu inakwenda mbele moja kwa moja. Kwenda nyuma inapita katika sahani hizo, zilizozama kwenye mafuta ya giaboksi. Kompyuta inazibana au kuzilegeza kupitia solenoidi (vali inayoendeshwa kwa umeme), ikilinganisha kasi ya mbele na ya nyuma. Ikiona zinatofautiana hudhani gurudumu linateleza kwenye tope, inabana zaidi. Kwa hiyo gari la watu hawa lilikuwa likipita Ngong Road kavu huku kompyuta yake ikiweza kudhani muda wote kwamba iko kwenye utelezi. Sahani zinasuguana, mafuta yanachemka, na mafuta yakichoka sahani zinanata badala ya kuachia.

Mbona basi linajikaza kwenye kona tu? Gari likikata kona kali, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ni kama watu wawili wamefungwa kamba kiunoni wakizunguka mti, wa nje anatakiwa aende mbio na wa ndani taratibu. Kamba isipolegea mmoja atamvuta mwenzake. Kwenye udongo wa Mutuini tairi yenyewe inateleza kidogo, kamba inapata nafasi, dereva hahisi kitu. Kwenye kabro kavu za hospitali hakuna kinachoteleza. Gari linaruka na kujikaza. Alichokisema mama, kwamba nyumbani halifanyi, kilikuwa kimeshatuonyesha tatizo liko wapi kabla ya spana kufunguliwa.

Kuna jaribio moja ambalo fundi yeyote wa Subaru za umri huu anapaswa kulifanya kabla ya kumwambia mteja habari za giaboksi. Ndani ya boneti kuna kishikio kitupu cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, kompyuta inaamriwa iziachie sahani, gari linakuwa la kuvuta mbele tu, na taa yake inawaka kwenye dashibodi. Tulichomeka, tukaenda kwenye uwanja wa lami ulio jirani, tukakata kona yote kushoto na kulia. Kujikaza kukaisha. Maana yake solenoidi inasikia amri na sahani bado zinaweza kuachia. Kama gari lingeendelea kujikaza na fyuzi imo, hapo ningeanza kufikiria kufungua mkia wa giaboksi. Hata hivyo kufungua mkia hakuhitaji giaboksi nyingine nzima. Mkia hutolewa peke yake. Yule aliyewaambia giaboksi imekufa hakufanya jaribio hili, na familia ilikuwa karibu kulipa pesa nyingi, kisha kufunga giaboksi ya mtumba juu ya tairi zilezile.

Tulimwaga mafuta ya giaboksi. Yalitoka meusi, na harufu ya kuungua. Tukaweka mapya ya aina inayotakiwa, tukayabadilisha tena baada ya mama kuendesha kwa muda, kwa sababu kumwaga mara moja kupitia nati ya chini hakutoi mafuta yote. Mengi hubaki ndani ya konvata, chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Tairi zikanunuliwa nne, kampuni moja, aina moja, siku moja. Zile mbili mpya baba alimuuzia mtu mwenye gari la kuvuta mbele.

Matokeo niyaeleze jinsi yalivyo. Asubuhi gari likiwa baridi halijikazi kabisa. Likiwa limepata moto baada ya foleni, ukikata kona hadi mwisho, unasikia mguso mdogo sana, ambao mama anasema asingeutambua kama asingeujua. Sahani zimelika kiasi na hazirudi kuwa mpya. Kwa hali ile sikuona sababu ya kuzifungua. Zikiendelea kubaki hivi gari litaendeshwa miaka. Mguso ukiongezeka, tutafungua mkia na kuweka sahani na solenoidi mpya.

Wangenunua nini badala yake?

Baba aliniuliza swali hili akiwa amekasirika kidogo, na ana haki. Magari ya namna hii yamezeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo gari la 2006 limekuwa humu nchini tangu 2013 au kabla, na limepitia mikono mingi. Kila mkono umeweka tairi zake. Huwezi kujua aliyetangulia aliliendesha muda gani likiwa na tairi zisizolingana.

Kuna fowili ndogo za Toyota za miaka hiyo: Probox yenye namba ya modeli NCP55, na Fielder ya zamani NZE124. Hizi hutumia viskasi, chombo chenye sahani zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Hakuna kompyuta. Magurudumu ya mbele yakianza kuzunguka bure, mafuta yale yanakaza na kupeleka nguvu nyuma. Ni mfumo rahisi, lakini nao haupendi tairi tofauti. Mafuta yakichemshwa kila siku huharibika, na fowili inaweza kufa kimyakimya bila taa wala kelele. Mwenye gari anagundua siku ya tope. Ndiyo maana ukienda kununua, liinue lote au lipeleke mahali penye utelezi ulione likivuta nyuma. Maneno ya muuzaji na beji ya 4WD nyuma hayatoshi.

Jambo lingine ambalo wanunuzi wengi wa Nairobi hawalitazami: huko Japani, magari madogo ya fowili hununuliwa zaidi na watu wa mikoa ya theluji, kama Hokkaido na Tohoku. Barabara za huko hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu. Kwa hiyo fowili ina nafasi kubwa ya kuja na kutu chini kuliko pacha wake wa kuvuta mbele aliyetoka mkoa wa joto. Lala chini na tochi. Angalia mikono ya nyuma, sehemu za kufungia shokamzoba, mabomba ya breki. Rangi nyeusi mpya iliyopigwa chini ya gari la zamani inanipa wasiwasi kuliko kutu ninayoiona.

Mnunuzi alipe pia gharama za kawaida za fowili: propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), difu ya nyuma na mafuta yake, jointi zaidi, uzito ulioongezeka, na mafuta ya petroli kidogo zaidi kila siku ya mwaka, hata ile miezi ambayo mlima ni mkavu. Kwa familia hii nadhani ni bei halali. Jirani yao mmoja aliyeniuliza kama naye anunue fowili anaishi juu penye lami. Nilimwambia hapana.

Na kama unaishi Ruai au Kamulu, kwenye udongo mweusi, fowili ndogo haitakupa ulichokiona Mutuini. Udongo ule hujaza meno ya tairi, hujaza matao ya magurudumu, kisha tumbo la gari, ambalo liko kama sentimita 15 tu kutoka chini, linakaa juu ya tope. Magurudumu manne yakizunguka hapo yanachimba mashimo manne. Pesa ya fowili ingefanya kazi zaidi ikichangiwa na majirani kununua moramu na kuchimba mfereji wa kando.

Kushuka pia nililisisitiza kwa baba, kwa sababu wiki za mwanzo alikuwa akishuka na Impreza haraka kuliko alivyowahi kushuka na Fielder. Fielder ina breki kwenye magurudumu manne, Impreza vivyo hivyo. Fowili inakusaidia kuvuta. Ukishuka utelezi, injini ikizuia kupitia magurudumu yote manne inasaidia kidogo ukiwa gia ya chini, lakini ukikanyaga breki kinachobaki ni tairi na udongo, na udongo hauulizi umenunua gari gani.

Niliwaachia maagizo machache, nikayaandika nyuma ya risiti. Tairi zizungushwe, za mbele ziende nyuma na za nyuma mbele, kila wanapobadilisha mafuta ya injini, ziishe pamoja. Tairi moja ikitoboka vibaya isiyozibika wakati nyingine zimeshaisha nusu, watafute ya mtumba inayolingana mzunguko kwa utepe, wasinunue mpya moja. Likiharibika njiani, bredaun (gari la kuvuta mengine) isiliinue mbele na kuburuta nyuma. Libebwe lote mgongoni mwa lori, hata kama dereva wa bredaun ataapa kwamba ameshaburuta Subaru nyingi. Na kwenye kisanduku cha dashibodi kuna fyuzi moja nimeifunga kwa karatasi ya gundi: siku watakapolazimika kufunga tairi ndogo ya spea, waichomeke kwenye kile kishikio cha FWD kabla ya kuwasha gari, waendeshe polepole hadi kwa fundi wa tairi, kisha waitoe.